Ukumbi Uliojengwa kwa Utani

Mtani hakasirikiwi. Hilo nililijua kabla sijajua kufunga kikoi. Mnyamwezi akiingia kwenu, nyie Wazaramo, akambeba kuku wako mchana kweupe huku anakutukana, unacheka. Akisema ukoo wenu wote kazi yenu kulala na kucheza ngoma, unamjibu kwamba babu yake alibeba pembe za ndovu za watu mpaka shingo ikazama mabegani, naye anacheka. Kisha mnamchinja yule kuku, mnakula wote. Ukinuna umejiaibisha wewe na waliokuzaa. Ndivyo tulivyolelewa sie huku nyuma ya Temeke, na wallahi sijaona desturi iliyotutafuna kama hiyo.

Baba alikuwa na mtani wake hasa. Alishuka kutoka Tabora enzi za mkoloni, akabeba magunia bandarini, na Uhuru ulipokuja akawa nyapara wa ujenzi, yaani yule anayesimama juu ya vibarua akiwapigia kelele. Jumapili alikuwa wetu. Hodi hapigi. Anaingia jikoni moja kwa moja, anafunua sufuria, anauliza hiki ni chakula cha mbwa gani, kisha anakaa anakula mpaka jasho linamtoka. Mama alikuwa akimtukana na huku anamuongezea mchuzi.

Mama alipokufa, mimi nimeshamaliza darasa la nane na bado natafuta kazi. Tulimzika pale pale kwetu, juu ya kilima, hatua chache kutoka barazani, kwenye kivuli cha minazi. Jeneza lilipofika, tukamkuta mtani ameshalala ndani ya kaburi, mikono kifuani, macho kafumba. "Huyu mwanamke hazikwi!" akapiga kelele kutoka mle chini. "Jumapili iliyopita alininyima kichwa cha samaki, leo anajifanya kafa! Nilipeni samaki wangu kwanza!" Wanaume wakacheka huku wanalia. Baba naye akacheka, akamtupia sarafu, ndipo akatoka akiwa na mchanga mpaka kwenye nyusi, akasaidia kumshusha mama kwa mikono yake miwili, taratibu kabisa. Siku ile nilimpenda yule mtu kuliko wajomba zangu.

Basi baba akabaki na kilima chake na kaburi lake. Kila Ijumaa akitoka msikitini anang'oa majani, anamwagia maji, anasoma Yasini. Upande wa kulia aliacha nafasi. "Hapa ni pangu," alituambia mimi na dada zangu, "na mtu asije akapanda muhogo hapa." Baba hakuwa mtu wa kutaka vitu. Hata redio hakuwa nayo. Alitaka kulala pale tu.

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu. Jina la chuo silitaji, wenyewe wanajijua. Ilikuwa miaka ile ya Azimio, kila mtu ndugu, kila hotuba kujitegemea, na wao walitaka kujenga ukumbi wa michezo, mkubwa, wenye paa, vijana wacheze mpira wa kikapu na mabondia wapigane bila kunyeshewa. Walikuwa na ardhi yao kule bondeni, lakini masika ya kwanza tu bonde likajaa maji, vyura wakawa ndio wanamichezo. Wakainua macho, wakaona kilima chetu.

Walikuja na Land Rover. Baba akawaangulia madafu. Wakanywa, wakasema haja yao. Akawaambia, "Wanangu, mikorosho ile ya chini chukueni. Hapa juu pana mtu." Wakarudi mara nyingine na balozi wetu wa nyumba kumi, jibu likawa lile lile: "Mke wangu nilimhamisha mara nne akiwa hai. Aliniambia amechoka kuhama." Serikali ingeweza kukitwaa kilima kwa nguvu, ardhi ni ya umma, lakini ingebidi kulipa fidia ya nyumba na minazi, na wakubwa wa chuo hawakutaka waonekane wanamnyang'anya mkulima katika miaka ile ambayo mkulima alisifiwa asubuhi na jioni. Wakaondoka wamenuna. Jumapili ile mtani alikuja kula, baba akamhadithia yote, wakacheka sana.

Ukumbi ulikuwa na wafadhili. Nchi moja rafiki iliahidi kuleta vyuma vya paa na mbao za sakafu, ila walitaka kwanza waone wananchi wenyewe wanajitolea. Wafanyakazi wa chuo wakakatwa mishahara, wapende wasipende. Kisha ikapangwa siku ya kuchangia, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na sie wote tuliokaa karibu tukaamriwa kuhudhuria. Kulikuwa na ngoma, kwaya ya wanafunzi, na mgeni rasmi aliyekaa kwenye kochi lililobebwa kutoka chuoni. Na mwenye kupaza sauti, wa kuwakamua watu michango, akawa nani? Mtani wetu. Alikuwa ameshapewa unyapara wa kazi hiyo, na mdomo wake ulijulikana Temeke nzima.

Wallahi alijua kukamua. Alimtania mwenye duka mpaka akatoa mifuko ya saruji. Alimtania muuza samaki mmoja mpaka akatoa mbuzi. Kina mama walitoa mikeka na kuku, vijana wakatoa siku za kuchimba msingi bure, na kila aliyetoa alirudi kukaa akiwa anacheka. Mgeni rasmi alikuwa akifuta machozi. Yeye alitoka kule milimani kaskazini, na kwao hawana utani na Wazaramo. Aliona tu watu wenye furaha.

Kisha mtani akageuka upande wetu.

"Wazaramo hawa!" alisema. "Mtu ana kilima kizima, kazi yake kukaa juu kama kunguru, anatazama wenzake wanavyotoka jasho! Mtani, simama watu wakuone!" Baba akasimama, tayari anacheka. "Kilima chako nimekichukua. Kuanzia leo changu, nakipa chuo. Una neno?"

Kila Mzaramo na kila Mnyamwezi pale alilijua jibu. Mtani akisema nimechukua, husemi hapana. Hapana ndiyo kununa. Unampa na kumuongezea mpaka ashindwe kubeba. Baba akajipiga kifua. "Chukua! Mbona umechelewa? Chukua kilima, chukua minazi, chukua nyumba na huyu mwanangu asiye na kazi! Chukua na mke wangu aliyelala pale, mie kumlisha kulinishinda! Beba, Mnyamwezi, kubeba si ndiyo kazi yenu!"

Uwanja ulivunjika mbavu. Na hapo ndipo desturi ilimtaka mtani ajibu kwamba hakitaki, kina mashetani ya Kizaramo, kitamletea upele, na mambo yaishe. Nilikuwa namtazama mdomoni kungojea hilo jibu. Hakulitoa. Aliacha kucheka, akageuka, akasema kwa sauti ya ofisini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndugu mgeni rasmi, umesikia mwenyewe."

Mgeni rasmi akainuka kwenye kochi anapiga makofi. Akaja mpaka kwa baba, akamshika mkono akaunyanyua juu. "Ndugu zangu," akasema, "huyu ndiye mkulima tunayemsema kila siku! Ametoa kila alichonacho kwa ajili ya vijana wa taifa!" Kwaya ikaanza kuimba. Wanafunzi wakashangilia. Watu wetu kicheko kikawa kinawakauka mmoja mmoja, wanatazamana. Baba alikuwa bado anatabasamu, mkono wake uko juu, umeshikwa.

Nyumbani nikamuuliza, "Baba, si ule ulikuwa utani?"

"Utani mtupu," akasema. "Kesho nitakwenda kuwaambia."

Tukaenda. Ofisini pale chuoni tulimkuta kijana wa suti ya Kaunda, kiti chake cha kuzunguka. Baba akavua kofia. "Mwanangu, mie jana nilikuwa namjibu mtani wangu."

"Mzee, mgeni rasmi keshatangaza. Redio imetangaza."

"Basi nayo itangaze kwamba ulikuwa utani."

Yule kijana akacheka, akawaita wenzake wa chumba cha pili. "Njooni msikie! Mzee anasema alikuwa analitania taifa!" Wakaja, wakasimama mlangoni na vikombe vyao vya chai, wakamtazama baba yangu kuanzia kofia mpaka makubadhi. Baba akauliza, basi fidia ya minazi? Kijana akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto: fidia hupewa mtu aliyetwaliwa mali yake, wewe umetoa zawadi, na zawadi hailipwi. Maana yake, laiti wangemnyang'anya angelipwa. Hata leo nikikumbuka mantiki ile natamani kumzaba mtu kibao.

Balozi wa nyumba kumi naye hakusaidia. Alitukalisha barazani kwake, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ukilikana jambo hili sasa, watakuita kabaila. Una minazi mingi, na kila msimu unaita mtu akuangulie. Kuna watu wameshaanza kusema wewe ni kupe." Baba, ambaye kikoi chake cha pili kilikuwa na viraka, akanitazama mimi kama nitamwambia kupe ni nani.

Kilibaki kitu kimoja. Mtani mwenyewe aende akaseme kwamba ule ulikuwa utani. Baba akavaa kanzu yake ya Idi, tukamfuata huko bondeni alikokuwa anapanga vibarua. "Mtani," baba akamwambia, "shahidi wangu ni wewe. Nenda kawaambie."

Yule bwana akatazama vibarua wake, akapaza sauti wasikie wote. "Mzaramo anataka kuyala matapishi yake! Mtani, ukishanipa umenipa. Au umekasirika?"

Vibarua wakaegemea sepeto zao, wanangoja.

"Mie?" baba akasema. "Nikukasirikie wewe?" Akacheka. Akacheka hasa, mpaka akakohoa. Tukarudi. Njiani, penye mikorosho, alisimama akashika mti, akasema, "Mwanaharamu yule," kisha akasema astaghfirullahi, tukaendelea kutembea.

Tulipewa kiwanja Kiwalani, kidogo, ndege zinapita juu ya vichwa. Mimi nikapewa kibarua kwenye ujenzi. Hiyo ndiyo ikahesabiwa kuwa wametutendea hisani. Na kaburi wakakubali lihamishwe kwa heshima, siku ya Jumamosi, wanyanyue watani kama ipasavyo. Baba aling'ang'ania hilo na hilo tu. Nyumba alisema bomoeni, minazi kateni. Mke wangu atolewe vizuri, nimpeleke Kiwalani, na siku yangu mnilaze pembeni yake.

Alhamisi tukaenda kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, kwa sababu khitma haiendi bila chai. Tulisimama tangu asubuhi. Sukari ikapatikana, baba akaibeba mwenyewe, akifurahi, anahesabu vikombe vya wageni. Vyombo tulishavihamishia Kiwalani na tulikuwa tunalala huko, ila tulipitia kilimani kwanza; tulipokaribia sikuiona minazi wala nyumba. Nilidhani nimepotea njia. Kilima kilikuwa kimesawazishwa, mchanga mtupu, na katapila limesimama katikati linapoa.

Mtani akatujia njiani. Alikuwa amebeba furushi la kitambaa cha marekani, jeupe, jipya, amelikumbatia kifuani. "Mtani, usiogope," akasema. "Nimemtoa kwa mikono yangu alfajiri, kabla mashine haijafika. Mwepesi huyu! Kumbe ulikuwa humlishi kweli!"

Baba alikaa chini palepale njiani. Alilia mpaka nikaona haya. Kisha akalipokea furushi, akaliweka mapajani, akamshika mtani mkono akamshukuru, akamwambia Mungu akulipe, wewe ndiye ndugu yangu. Akampa na sukari yote.

Tukamzika Kiwalani siku ile ile.

Ujenzi ukachukua miaka. Vyuma vya wafadhili vilichelewa, saruji ikawa haipatikani, mara michango imeisha, wafanyakazi wanakatwa tena mishahara. Mimi nilibeba karai la zege kichwani, chini ya nyapara yule yule. "Zege halilali, Mzaramo!" alikuwa akinipigia kelele, na wenzangu wanacheka, na mimi nacheka, ningefanyaje? Upande wa mashariki, pale palipokuwa nyumba yetu na kaburi la mama, ramani ilipanga vyoo vya wanaume. Siku ya kumwaga zege pale nilisita. Mtani akaniona. "Unangoja nini? Si tulishamhamisha?" Nikasema kweli, nikamwaga. Tukasawazisha kwa ubao, ikatoka sakafu nzuri.

Siku ya ufunguzi baba alialikwa. Walimkalisha mstari wa mbele, kanzu ile ile ya Idi. Mgeni rasmi safari hii alikuwa mwingine, akasoma kwenye karatasi kwamba yupo miongoni mwetu mzee aliyetoa ardhi yake kwa moyo mkunjufu, asimame tumwone. Baba akasimama. Ukumbi mzima ukampigia makofi, na makofi ndani ya jengo lile yalikuwa yanarudi mara mbili kwa mwangwi. Aliombwa aseme neno. Akasema, "Asanteni." Vijana wakaanza kucheza mpira wao, viatu vinalia kwenye mbao, baba hakuelewa kitu. Baadaye akaniinamia sikioni, akaniomba nimpeleke msalani. Umri ule mtu haombi mara mbili. Nikampeleka, nikamngoja mlangoni. Alipotoka akasema, "Wamejenga vizuri."

Kiwalani aliendelea na Ijumaa zake. Majani, maji, Yasini, na nafasi ya kulia kaiacha. Alikuwa ameridhika, nasema kweli. Alipata alichokitaka. Ugonjwa ulipomshika hakuhangaika, alituambia tu tusimlaze mbali.

Alipokufa, mtani hakuwapo. Alikuwa Dodoma, wanakojenga makao makuu. Tulichimba mimi, baba mdogo na binamu yangu mmoja. Udongo wa Kiwalani ni mchanga, hauna uaminifu. Tulipofika usawa wa kiuno ukuta wa kushoto ukaporomoka, na lile furushi la mama likateleza miguuni pangu. Marekani ilikuwa imeoza. Ikachanika.

Ndani yake mlikuwa na mizizi ya minazi. Na vipande vya matofali, na gome, na mchanga mwekundu wa kule kwetu. Nikaupekua wote kwa vidole, nikitafuta hata jino. Baba mdogo akanishika bega.

"Rudisha," akasema.

"Baba mdogo, hamna mtu humu!"

"Nimeona. Rudisha, uzibe. Mzee yuko njiani anakuja. Na dada zako wasilisikie hili mpaka kufa kwako."

Nikairudisha mizizi, nikaziba kwa beleshi. Jeneza likafika, tukamlaza baba upande wa kulia wa matofali, kama alivyousia. Watu wakasema, jamani, amempata mwenzake.

Mtani aliporudi kutoka Dodoma nilimfuata kwake Temeke. Nikamwamkia, "Shikamoo, mtani." Akaitikia, "Marahaba, Mzaramo, umekuja kuomba kazi?" Nikamweleza tulichokikuta. Akamwambia mkewe atoke nje. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nilimwona uso wake bila utani, na ulikuwa uso wa mtu wa kawaida tu, mzee, macho yana ukungu.

"Mie niliambiwa Jumamosi kama nyie," akasema. "Dereva aliambiwa Alhamisi. Nilipofika hakuna kitu, pamevurugwa. Nikamwona baba yako kwa mbali anakuja na sukari yake. Wewe ungempa nini?"

"Ukweli."

"Angeufanyia nini?"

Swali hilo likazidi kunitia hasira. Nikamuuliza, na kilima je? Mbele ya watu wote wale, nani alikutuma ukichukue? Walikupa nini, ule unyapara? Hapo nikauona uso unarudi mahali pake, meno yakatoka. "Mie sikuchukua, mie nilitania. Aliyetoa ni baba yako. Au umekasirika?"

Niliondoka bila kuaga. Nilitaka majirani waone kwamba nimenuna, waseme watakavyo. Sikumtembelea tena, na hata alipougua sikwenda.

Alikufa mwaka ule wa shida, hata sanda ilikuwa ya kibali. Wakanitumia mtu: msiba hauna mtani, watoto wanalia tu, njoo. Nilitaka kusema thubutu. Kisha nikafikiri, nitakwenda. Nitasimama mbele ya ndugu zake wote waliotoka Tabora, mbele ya majirani, na nitaisema habari hii yote, na hakuna atakayeweza kunifunga mdomo, maana siku ile mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Nilijisikia kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

Uani palikuwa pamejaa, wanaume kwenye mikeka, wanawake upande wa jikoni. Waliponiona wakachangamka: "Huyo! Mzaramo kaja!" Nikasimama katikati. Sikucheka hata kidogo.

"Maiti huyu ni mwizi," nikasema.

Wakacheka.

"Alimwibia baba yangu kilima mbele ya mgeni rasmi. Alilipwa unyapara kwa ajili yake."

"Eeeh! Mseme!"

"Mama yangu alimwacha akapondwa na katapila. Akatufungia mizizi ya minazi kwenye marekani, akatupa tukaizike. Baba yangu akaisomea mizizi Yasini kila Ijumaa mpaka anakufa!"

Mzee mmoja akajipiga mapaja. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapaza sauti. "Jamani, sitanii!" Ndiyo kabisa nikawamaliza, mtani gani asiyesema hatanii? "Sitanii! Mama yangu yuko chini ya choo cha wanaume, kwenye ukumbi wa chuo! Mie mwenyewe nimemmwagia zege, huyu mwizi kanisimamia! Na siku ya ufunguzi baba yangu alikwenda pale, akamkojolea mkewe!"

Kuna mtu alianguka kwenye mkeka akilia kwa kicheko. Watoto wa marehemu, wale waliokuwa hawajala tangu jana, walikuwa wameshikana mabega wanacheka, kamasi na machozi pamoja. Mimi nilikuwa nalia pia, na hilo nalo wakaliona zuri, wakasema kijana huyu anaijua kazi.

Dada mkubwa wa marehemu, bibi kizee, akainuka kutoka upande wa jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akanitia sarafu kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, baba," akasema. "Tangu juzi nyumba hii haijacheka. Hebu rudia pale pa zege, mjukuu wangu alikuwa nje, hakusikia."

Nikarudia, wakacheka tena.